Mwanafunzi mpya asipigwe danadana

Wazee shikamooni, akina mama shikamooni, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kunipa nafasi, najua wengine mmetoka shifti ya usiku moja kwa moja mkaja hapa, kwa hiyo sitawaweka sana. Na huyo aliyekaa karibu na spika naomba aisogeze kidogo maana inapiga mluzi.

Nimeambiwa niongelee kituo ambacho chuo kinataka kujenga, kituo cha kupokea wanafunzi wapya. Mimi nafanya kazi upande wa usajili kwenye komyuniti koleji hapa Texas, jina la chuo tuliache tu maana kuna mambo nitasema bosi hatafurahi. Ramani ya jengo nimeiona. Nzuri sana, vioo kila upande, masofa, mashine ya kahawa, skrini kubwa ukutani. Sina ugomvi na masofa. Mimi ninachouliza kila kikao, na wameshanizoea, ni hiki: yule atakayekaa pale mezani ana ruhusa ya kumaliza shida ya mtu palepale, au kazi yake itakuwa kumwelekeza dirisha lingine? Maana kama ni kuelekeza tu, kibao cha mshale kinatosha.

Ila kwanza wazazi niwatoe wasiwasi, kwa sababu kuna wanaoona komyuniti koleji ni chuo cha walioshindwa. Siyo hivyo. Hivi vyuo ni vya zamani, kile cha kwanza cha umma, Joliet kule Illinois, kilianza 1901, halafu 1947 tume ya Rais Truman ikasukuma viwepo kila sehemu ili mtu asome karibu na kwao bila kufilisika. Leo viko zaidi ya elfu moja nchi nzima. Mtoto anasoma miaka miwili anahamia yunivasiti, au anachukua uuguzi, uchomeleaji, ufundi wa AC, anaingia kazini. Na hawakukatai eti gredi zako mbaya, mlango uko wazi kwa kila mtu.

Shida inaanza ukishaingia mlangoni.

Chukua kijana wetu wa kawaida, katoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, kamaliza hapa hai skuli au kaja na Diplôme d'État yake ya Kongo, cheti cha kumaliza sekondari. Kadi ya soshal, ile yenye namba ya Social Security, imegeuza jina la baba likawa ndo la kwanza, kwa sababu yule aliyeandika karatasi za safari hakujua sisi majina yetu yanakaaje. Grini kadi imefuata kosa lilelile. Halafu kwenye fomu ya chuo kijana kajaza vile anavyoitwa nyumbani. Akienda kujaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, mtandao wa serikali unalinganisha jina, namba na tarehe ya kuzaliwa na zile za soshal, haviendani, umekwama. (Tarehe nazo! Nusu ya ukumbi huu karatasi zinasema tumezaliwa tarehe 1 Januari, msicheke, ndo hali halisi.) Basi anaenda ofisi ya msaada wa fedha, wanamwambia hilo ni la usajili. Usajili, yaani kwetu, tunamwambia arekebishe kwanza soshal. Soshal wanataka karatasi ya uhamiaji. Huyu mtoto hajasoma hata somo moja na tayari kapigwa danadana na ofisi nne, na hii habari ya "njoo kesho" tulidhani tumeiacha Kigoma na Bukavu.

Sasa hapo hapo sikilizeni hii ya baba na kodi. FAFSA ya siku hizi, ilibadilishwa ikaanza upya mwishoni mwa Desemba 2023, inataka mzazi naye afungue akaunti yake mwenyewe, aweke imeili, akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe. Mtandao unatuma namba ya siri kwenye simu ya baba. Baba yuko wapi? Yuko kiwandani anakata nyama, simu iko kwenye loka, haruhusiwi kuingia nayo kwenye laini. Ile namba inakufa baada ya dakika chache. Mtoto anajaribu tena, mtandao unamfungia. Baba akitoka kazini asubuhi, ofisi ya chuo haijafunguliwa, ikifunguliwa yeye kalala. Wiki zinapita hivyo hivyo, siku ya mwisho ya kulipa ada inafika, hela ya Pell, ule msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, haijaingia, vyuo vingi vinamtoa mtu kwenye madarasa bila hata kumpigia simu, anapata imeili tu, na imeili ya chuo hajawahi kuifungua kwa sababu pasiwedi ilitumwa kwenye ileile imeili. Na hapa Texas ongeza chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kama una chini ya miaka 22 lazima iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya darasa la kwanza, la sivyo hold, yaani kizuizi, inakaa kwenye akaunti na husajili kitu.

Kwa hiyo aliyeomba Aprili akiwa na furaha, Agosti humwoni. Nyumbani wanasema kijana hapendi shule. Mimi nakataa, huyu kijana hajawahi kuifikia shule aikatae.

Kuna vyuo vimeshalishughulikia hili, siyo ndoto. Valencia kule Orlando waliunganisha zile huduma za mwanzo wakaziweka sehemu moja wanayoiita Answer Center, mtu mmoja anajua usajili na msaada wa fedha na mambo ya kuomba nafasi, hakurushi. Chuo hicho ndo kilichukua Aspen Prize ya kwanza kabisa, tuzo ya komyuniti koleji bora nchini, 2011. New York nako, CUNY, chuo kikuu cha jiji, walianza programu inaitwa ASAP mwaka 2007: mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye lazima muonane, ada iliyobaki wanakufidia, vitabu wanakusaidia, na kadi ya basi na treni kila mwezi. Watafiti wakachukua wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine wakaingia ASAP wengine hapana, baada ya miaka 3 waliomaliza kwenye ASAP walikuwa asilimia 40, wale wengine 22. Fikiria, karibu mara mbili! Walimu walewale, vyuo vilevile, wanafunzi wa aina ileile.

Lakini mimi mfano ninaoupenda ni wa karibu yetu, Amarillo, na kule tuna ndugu kibao kwenye viwanda vya nyama mnajua. Amarillo College waliuliza wanafunzi wao nini kinawakwamisha, na yale makubwa 10 ya juu yakawa hayahusu darasani hata moja. Ni chakula, ni nyumba, ni gari bovu, ni nani atabaki na mtoto, bili ya umeme. Wakachora picha ya mwanafunzi wao wa kawaida wakampa jina Maria, binti wa kwanza kwao kufika chuo, ana kazi mbili, hela hamna, halafu wakasema tunapanga mambo kwa ajili ya Maria. Wakaweka kituo katikati ya chuo chenye stoo ya chakula, nguo, na watu wa ustawi wa jamii wenye uwezo wa kulipa dharura haraka, gari likiharibika leo lisikutoe shule. 2023 na wao wakapata hiyo Aspen, walishea na Imperial Valley ya California. Maria wetu sisi labda angeitwa Furaha, anatoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, ana wadogo watatu wa kupeleka basini, na anaijua Kiswahili, Kibembe, Kifaransa na Kiingereza cha kiwandani. Jengo lipangwe na huyo akilini.

Ndo maana nataka tukienda kwenye kikao cha chuo tusiombe vitu vya kupendeza macho. Tuombe masaa. Kituo kikifungwa saa kumi na moja jioni na wikiendi hakuna mtu, kimejengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa chuo, siyo wa kwetu. Jioni mbili kwa wiki na Jumamosi asubuhi, hapo baba wa kiwandani anaweza kukaa na mtoto wake, simu mkononi, namba ya siri inaingia, kazi imeisha kwenye meza moja. Pia huyo wa mezani apewe uwezo wa kuiona hold na kuiondoa, au angalau awe na simu ya moja kwa moja kwa anayeweza, na asimwachie mwanafunzi mpaka jibu lipatikane. Wenzangu ofisini wananiambia hiyo ni hatari, usalama wa taarifa, sijui nini. Sawa, wafundisheni basi, ndo kazi yenyewe.

Lugha nayo. Sitaki mtoto wa miaka 12 atafsiri habari za kodi za baba yake, ni aibu kwa wote wawili na anakosea. Chuo kina hela ya work-study ya serikali ya kuajiri wanafunzi, wachukue vijana wetu waliokwisha kupita hii njia wawalipe wakae pale. Hawahitaji digrii kumwambia mwenzao bonyeza hapa, siyo hapo.

Wazazi, kuna moja mtanichukia. Mtoto akishaingia chuo, sheria ya 1974 inayoitwa FERPA inasema taarifa zake za shule ni zake, hata kama hajafika 18. Unakuja kaunta na suti yako unauliza "mwanangu anaendeleaje", yule binti anakwambia siwezi kusema. Hakudharau mzee wangu, sheria imemfunga. Mtoto akisaini karatasi ya ruhusa utaambiwa, kwa hiyo mmalizane nyumbani kwa upole kabla hamjaja, kuliko kugombana mbele ya kaunta, nimeona nyingi.

Na hawa wanaochaji watu hela mtaani kujaza FAFSA, acheni kuwapa. Ni bure. Pell kwa mwaka 2024–25 ilifika mpaka dola 7,395, hairudishwi, lakini unaipata kwa kiasi cha semesta 12 tu maisha yako yote, kwa hiyo mtu akikusajilia kozi ovyo ovyo ili mradi, anakula akiba yako.

La mwisho ambalo kwenye ramani sikuliona ni mishahara. Vituo vya namna hii vingi huanza na hela ya wafadhili, miaka mitatu ikiisha wale watu wanaondolewa, jengo linabaki na skrini yake. Tukipewa nafasi ya kuuliza, tuanze na hilo: mwaka wa nne nani atamlipa yule wa mezani? Wakisema bado wanalifikiria, tuwaombe wapunguze vioo.

Haya, namuona mama pale nyuma kanyoosha mkono muda mrefu. Karibu mama.