Vile vidude vya nje ya ndege ndogo ni vya nini?

Haya jamani watu wangu wa nyumbani, karibuni tena. Hii nyuma yangu ni Cessna 172, na leo hatupai, tunaizunguka tu kwa miguu maana wengi mmekuwa mkiniuliza vile vidude vinavyochomoza huku na huku vina kazi gani.

Sogeeni hapa chini ya bawa la kushoto. Huu mrija mfupi unaotazama mbele unaitwa pito, upepo unaingia humo ndege ikienda, na geji ya spidi inasoma kutokana na mgandamizo huo. Sasa angalieni ubavuni, karibu na pua, hiki kitundu utadhani skrubu imedondoka, kumbe ndo kinachukua presha ya hewa ya nje, na bila hicho altimita, yaani geji ya kimo, haikuambii ukweli. Hapa mimi huwa siharakishi kabisa. Mwaka 1996 ndege ya Aeroperú, shirika la ndege la Peru, iliruka usiku vitundu kama hivi vikiwa vimezibwa kwa tepu iliyobandikwa wakati wa kuiosha, ikasahaulika, marubani wakawa hawajui wako juu kiasi gani wala wanaenda spidi gani, ikaangukia baharini, wakafa wote 70. Tepu tu jamani! Na mwaka huohuo ikaanguka ndege ya Birgenair, shirika la Uturuki, wakafa watu 189, wachunguzi wakaona kilichoziba pito yaelekea ni nyigu waliojenga humo. Ndo maana ndege ikipaki, pito inavalishwa kifuniko chenye utepe mwekundu, na kifuniko hicho lazima ukitoe kabla hujaruka.

Haya, ukingo wa mbele wa bawa. Hili tundu ni la king'ora cha stoli, yaani pua ikiinuka sana mpaka bawa linakaribia kushindwa kuibeba ndege, hewa inafyonzwa hapa na unasikia mlio. Kuna marubani wanaweka kitambaa safi halafu wananyonya kwa mdomo, kikilia basi kizima. Kwenye ndege nyingi za kampuni ya Piper badala ya tundu utakuta kijibati kinachochezacheza.

Kile kijibomba nyuma ya nguzo ya bawa ni pumzi ya tanki, mafuta yakipungua lazima hewa iingie, kikiziba injini inaweza kukuzimikia huko juu, kwa hiyo inama uchungulie vizuri. Vile vijiti vyembamba kwenye kingo za nyuma vinamwaga umeme unaojikusanya ndege ikipita kwenye mvua au vumbi, redio isikwaruze.

Mwisho huku mkiani, kibati kilichopinda kidogo kwenye usukani, yaani ule ubao wa wima wa mkiani unaogeuza pua kushoto na kulia. Watu wanadhani kimegongwa, wanataka kukinyoosha. Usikiguse! Fundi amekipinda makusudi ndege isivute upande, na ukikiona kimekaa tofauti na ulivyokizoea, mwite yeye kabla hujawasha injini.