Usiniulize Kompaundi Gani, Niambie Pedi Gani

Asanteni. Wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na mashine hazing'ati.

Kila ninapokutana na watu wa kazi hii ya kung'arisha rangi za magari naulizwa swali moja, na humu ndani najua kuna waliokuja nalo mfukoni: "Fundi, kompaundi gani nzuri?" Yaani ile dawa ya chupa yenye punje za kusugulia rangi. Basi, limeishia hapo. Mtu haniambii rangi ni ya kiwandani au gari lilishapigwa rangi upya. Haniambii mikwaruzo ikoje, mashine ni ya aina gani, wala amefunga pedi gani, kile kisuguo kinachofungwa kwenye mashine. Anataka jina la chupa tu. Nimelijibu swali hili kwenye mafunzo, kwenye simu, hata msibani nimewahi kulijibu. Leo nalijibu tena, na mkitoka hapa mkaniuliza kesho, nitajua mlikuwa mmelala.

Chupa haikwarui rangi wala haiing'arishi. Kinachogusa rangi ni pedi, ikiwa imebeba punje za kompaundi. Chukua sufuria iliyoungua, weka majivu yale yale, sugua upande mmoja kwa kitambaa laini na upande wa pili kwa waya. Majivu hayajabadilika. Sasa niambie, ni nini kilichokata?

Tuingie kwenye pedi zenyewe. Sponji ina vitundu, na punje za kompaundi zinakaa ndani ya vitundu hivyo na juu yake. Sponji laini ukiikandamiza inabonyea, punje zinazama, zinagusa klia, lile koti angavu la juu ya rangi, kwa upole. Sponji ngumu haibonyei sana, kwa hiyo punje zile zile zinasukumwa kwenye klia kwa nguvu zaidi. Maikrofaiba ni habari nyingine kabisa: ni nyuzi nyingi fupi zilizosimama, kila uzi umeshika punje, na uzi wenyewe nao unakwaruza. Sufu ya kondoo inakata kwa nyuzi zake pia, tena inapitisha hewa, kwa hiyo mara nyingi haipandishi joto kama sponji ngumu. Sasa chukua kompaundi moja ya kati. Kwenye sponji laini kabisa itakupa mng'ao na kuacha karibu mikwaruzo yote mahali pake. Kwenye maikrofaiba itafuta mikwaruzo na kukuachia ukungu. Chupa ni ile ile, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema anayeniuliza kompaundi bila kutaja pedi hajauliza kitu.

Kuna kijana mmoja ninamsimulia kila mahali, na walionisikia zamani mnivumilie. Alikuwa na gari jeusi, rangi laini, limejaa ile mikwaruzo ya mviringo ya kuoshwa na tambara chafu. Akafunga maikrofaiba, akaweka kompaundi ya kukata, akapita boneti nzima. Akafuta, akamulika taa, akaona ukungu: weupe fulani hafifu juu ya weusi, kama pumzi kwenye kioo. Akajiambia kompaundi haina nguvu. Akanunua kali zaidi, akapita tena kwa pedi ile ile. Ukungu ukaongezeka. Akatafuta kali kuliko ile. Aliponipigia, meza yake ilikuwa imejaa chupa, na alikuwa anataka nimtajie nyingine.

Nilipofika nikamwambia weka chupa zote pembeni, lete ile polishi ya mwisho, ya punje laini kabisa, ambayo hata hakuwa ameifungua. Nikafunga sponji laini, matone manne, nikapita polepole kwenye kipande kidogo. Nikafuta. Weusi ukarudi wote. Mikwaruzo ya mviringo ilikuwa imeshaondoka tangu mara ya kwanza! Alichokuwa anapigana nacho ni alama za pedi yake mwenyewe. Kila alipoongeza ukali wa kompaundi, aliongeza kile alichotaka kukiondoa, na kila mara klia ilikuwa inapungua.

Hapo kwenye klia ndipo hasira yangu inapotoka, kwa hiyo nisimame kidogo. Rangi ya kiwandani, tangu praima, ile rangi ya msingi ya chini, hadi juu, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake mara nyingi ni 35 hadi 50 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani kwako una kama 70. Maana yake koti lote linalolinda rangi dhidi ya jua ni jembamba kuliko unywele mmoja, na wewe unaingia na maikrofaiba na kompaundi ya kukata kwa sababu umeona video. Klia haioti. Ikiisha, dawa ni kupiga rangi upya, na hapo mteja haendi kwa aliyemuuzia chupa, anakuja kwako.

Mtu atasema, "Mimi nina kipimo cha rangi, najua nilipo." Vizuri, kitumie. Lakini kipimo cha kawaida kinakusomea unene wote kwa pamoja, tangu bati hadi juu. Hakikwambii klia imebaki kiasi gani. Ukisoma 120 huwezi kujua kama ni klia nene juu ya rangi nyembamba, au kinyume chake. Na kwenye bampa la plastiki kipimo hicho hakisomi kabisa, unahitaji kile cha mawimbi ya sauti, ambacho ni cha gharama. Kipimo kizuri kwa jambo moja: ukikuta mlango mmoja unasoma mara mbili ya mingine, jua ulipigwa rangi upya, na klia yake inaweza kuwa na tabia yake peke yake. Hapo usidhani kwamba kilichofanya kazi kwenye boneti kitafanya kazi pale.

Mwingine atasema, "Mimi naangalia rangi ya pedi, njano ni ya kukata." Ya nani? Pedi ya njano ya Lake Country ni ya kukata. Pedi ya njano ya Rupes ni ya kumalizia kazi laini. Mtu mmoja akikuachia ushauri wa "tumia njano" na hajakutajia mtengenezaji, amekuachia bahati nasibu. Hakuna kanuni ya rangi inayowafunga watengenezaji wote. Soma jedwali la aliyeitengeneza pedi, na ukishaliamini, bado ijaribu kwenye gari.

Kujaribu kwenyewe ni hivi, na hili naomba mliandike, maana ndilo mtakalolifanya na kila gari. Osha, ondoa uchafu ulioganda kwa udongo maalumu, ukikwaruza na mchanga uliobaki usinilaumu. Chagua kipande cha mraba, kama sentimita 50 kila upande, kwenye sehemu tambarare yenye mikwaruzo ya wastani, mbali na kingo. Anza na mseto mpole kuliko unaodhani utahitajika: sponji ya kati au laini, polishi ya kati. Pita kwa mpangilio, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kwa urefu halafu kwa upana. Futa kwa mchanganyiko wa alkoholi na maji au dawa maalumu ya kufutia paneli. Mulika.

Kwa nini alkoholi? Kwa sababu polishi nyingi zina mafuta, na mafuta yanajaza mikwaruzo ukadhani imeondoka. Gari linatoka linameta kama kioo, mteja anafurahi, anaosha mara moja au mbili, mikwaruzo ile ile inamcheka usoni. Huyo harudi kukuuliza, anakwenda kwa mwingine na kusema wewe ni mwongo. Kwa hiyo futa kwanza, ndipo ujisifu.

Kama kipande kimetoka safi, umeshapata jibu, fanya gari zima hivyo hivyo. Kama mikwaruzo imebaki, badilisha PEDI kwanza, kompaundi ile ile. Panda daraja moja tu: kutoka sponji laini hadi ya kati, kutoka ya kati hadi ngumu, kisha maikrofaiba, kisha sufu. Kompaundi unaibadilisha ukishapanda pedi na bado haikukata. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu, na kesho kwenye gari jingine utaanza upya kama mgeni.

"Lakini fundi, mteja anasubiri!" Naisikia hiyo, hata hamjaisema. Kipande cha majaribio ni dakika chache. Boneti ya kurudia ni saa. Na anayeanza na mseto mkali kabisa ili "amalize haraka" atalazimika kupita tena kufuta ukungu alioutengeneza mwenyewe. Huo uharaka sijawahi kuuelewa.

Halafu kuna hii ya "magari ya Kijerumani rangi ngumu, ya Kijapani laini." Kama mazoea ya mafundi inasaidia kidogo, na ni kweli Mercedes-Benz walileta klia ya seramiki mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ni ngumu kweli, pedi laini inapita juu yake kama haikuwepo. Lakini chapa moja inajenga magari kwenye viwanda vingi, rangi hazifanani, na gari lililopigwa rangi upya lina klia ya fundi, si ya kiwanda. Rangi haisomi beji. Kipande cha majaribio hakijali beji pia.

Muda unaniishia, naona wananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbio.

Punje za kompaundi ziko za aina mbili kubwa. Kuna zinazovunjika kadiri unavyofanya kazi, zinaanza kubwa na kuishia ndogo, hizo usiziache njiani, zifanyie kazi mpaka zivunjike. Kuna zisizovunjika, zenye ukubwa uleule mwanzo hadi mwisho, hizo unaweza kusimama pale kazi inapokwisha. Mtengenezaji kaandika, soma. Wengi wanaolalamika kwamba kompaundi fulani inaacha ukungu waliiacha katikati ya safari.

Kiasi: matone matatu hadi matano ya ukubwa wa njegere kwa kipande. Pedi mpya ipake kwanza kompaundi kidogo usoni kote, isikate kavu. Si zaidi ya hapo. Kompaundi ikizidi, pedi inateleza, vumbi linajaa, na klia laini inaanza kunata.

Pedi isafishe kila baada ya kipande, kila baada ya kipande nimesema, si kila baada ya gari. Sponji kwa brashi, maikrofaiba kwa hewa ya kompresa ikiwepo. Pedi iliyojaa rangi na klia iliyokatwa inaanza kukwaruza kwa uchafu huo. Gari moja linataka pedi kadhaa za aina moja, kwa sababu zikilowa na kupata joto zinalegea na kupoteza ukali. Maikrofaiba inaungua kuanzia katikati, na velkro ya nyuma inaweza kubanduka pedi ikipata joto mno. Hapo pedi inaruka. Nimeiona ikiruka.

Mashine ya DA, ile inayozunguka huku ikiyumba: piga mstari wa kalamu kwenye sahani ya kushikia pedi, uone kama inazunguka. Ikiyumba tu bila kuzunguka, unakandamiza mno au pedi ni kubwa kupita uwezo wa mashine, na hata ukiweka kompaundi ya namna gani haikati. Rotari, ile inayozunguka tu bila kuyumba, inakata haraka na inataka mkono uliozoea. Ukiiunganisha na sufu itakuachia ile mistari inayocheza kwenye jua, kwa hiyo panga mpito wa pili wa sponji laini tangu mwanzo. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi klia ni nyembamba kuliko kwingine kote. Bandika tepu. Sirudii.

Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha usiufukuze mpaka chini. Upunguzie makali, mwambie mteja utaonekana kidogo, endelea. Ukiona pedi inarudi na rangi ya gari yenyewe na gari lina klia, zima mashine, klia imeshaisha hapo.

Nta na koti za seramiki leo hapana, hiyo ni mada ya siku yake. Msasa wa maji pia hapana, kwanza nione nani ameweza kuchagua pedi. Mlango ule wa nyuma umeshaoshwa na tepu imebandikwa. Zimeni taa za juu, washeni hiyo ya mkono, na yeyote mwenye chupa mkononi aiweke mezani. Kijana wa mbele, wewe, chagua pedi kwanza, halafu utuambie kwa nini.