Kitovu cha nyumba kwa Wi-Fi: taa iwake hata bando likiisha

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunaweka kitovu cha nyumba, yaani kile kisanduku kidogo kinachozipa amri taa, soketi na vifaa vingine vya nyumbani. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: bando likiisha itakuwaje? Vifaa vingi vya madukani hupeleka amri yako kwanza kwenye seva iliyoko ng'ambo, ndipo irudi kwenye taa iliyo mita tatu kutoka ulipokaa. Bando likikata, simu na taa haziambiani kitu, ingawa zote ziko kwenye Wi-Fi moja. Nyumba ya namna hiyo sitaki uijenge.

Tutatumia Home Assistant, programu ya kuendesha kitovu. Mradi huu ulianzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na tangu 2024 uko chini ya Open Home Foundation, taasisi isiyo ya faida iliyoko Uswisi. Ni bure, na kazi yote inafanyika ndani ya nyumba yako.

Vifaa ni hivi hapa mezani. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo itakayokuwa kitovu chetu (nitaiita Pi), yenye RAM ya GB 2 au zaidi. Kadi ya microSD ya GB 32, na tafadhali usichukue ile ya bei ya chini kabisa, kwa sababu kitovu kinaandika kwenye kadi usiku na mchana. Chaja ya 5V yenye 3A. Chaja ya simu mara nyingi haifiki hapo, na Pi ikipungukiwa umeme hujizima na kujiwasha ovyo. Flashi moja. Kompyuta. Na relei ya Shelly 1, yaani swichi ndogo inayoamriwa kwa Wi-Fi, kwa ajili ya taa ya baraza. Weka na kifurushi cha GB kadhaa. Intaneti tunaihitaji leo. Kuanzia kesho taa haitaitegemea.

Hatua ya kwanza ni nyepesi. Chomeka kadi kwenye kompyuta, fungua programu ya Raspberry Pi Imager, chagua Raspberry Pi 4, halafu kwenye orodha ya mifumo shuka hadi kundi la mifumo ya kazi maalumu. Home Assistant iko humo. Andika kwenye kadi. Kila kilichokuwemo kitafutika, kwa hiyo toa picha zako kwanza.

Hatua ya pili ndiyo inayowakwamisha watu, twende polepole. Kama una waya wa mtandao na rauta iko karibu, chomeka, ruka hatua hii, Wi-Fi utaiwasha baadaye kwenye mipangilio. Lakini nyumba nyingi rauta ya laini imewekwa dirishani panaposhika mtandao vizuri, na huko hutaki kuvuta waya. Usidanganyike na ile sehemu ya Imager ya kujaza jina la Wi-Fi. Kwa Home Assistant haifanyi kazi. Tunatumia flashi.

Ifomati kwa FAT32 na uipe jina CONFIG, herufi zote kubwa. Ndani yake tengeneza folda iitwayo network, herufi ndogo. Ndani ya folda hiyo tengeneza faili liitwalo my-network, bila nukta wala chochote mbele yake. Mistari ya kuandika humo iko kwenye skrini, simamisha video uinakili. Utakayobadilisha ni miwili tu: mbele ya ssid weka jina la Wi-Fi yako, mbele ya psk weka nywila. Kama nyumbani mtandao unaitwa Baraza kwa B kubwa, andika B kubwa.

Angalia hapa sasa. Ukitumia Notepad ya Windows, inaongeza .txt mwishoni mwa jina, na kompyuta inakuficha. Mimi nilipoteza usiku mzima kwa hilo: nafungua flashi naona my-network, kumbe ni my-network.txt, na Pi haikuligusa. Washa uonyeshaji wa viendelezi vya faili, kisha uifute hiyo .txt kwenye jina. Ukitumia Notepad++, chagua pia mwisho wa mistari wa Unix.

Jambo jingine, rauta yako irushe GHz 2.4. Pi 4 inashika na GHz 5, lakini Shelly 1 na taa nyingi za Wi-Fi zinajua 2.4 peke yake. Na usiviweke kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu rauta nyingi huko huzuia vifaa visionane.

Sasa chomeka kadi, chomeka flashi, ndipo uwashe umeme. Kaa kidogo. Mara ya kwanza inapakua vitu vyake, inaweza kufika dakika 20 au kuzidi kama mtandao ni mzito. Usichomoe! Kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, fungua homeassistant.local:8123. Baadhi ya simu za Android hazilielewi jina hilo. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, chukua anwani ya Pi, mfano 192.168.1.37, na uongeze :8123 mbele yake. Ukiwa hapo hapo kwenye rauta, ifungie Pi anwani hiyo isije ikabadilika.

Fungua akaunti, weka nywila ngumu, na kwenye ramani weka alama pale nyumba yako ilipo. Kitovu kinahesabu machweo kutokana na alama hiyo.

Tuje kwenye taa. Shelly 1 inakaa nyuma ya swichi na inahitaji laivu na nyutro. Nyumba zetu nyingi, kwenye boksi la swichi nyutro haipo, iko juu kwenye taa. Mwite fundi umeme, mzime meni swichi, mpime kwa testa kabla ya kugusa waya. Hapa sina mjadala, 230V inaua.

Umeme ukirudi, Shelly inarusha Wi-Fi yake yenyewe. Jiunge nayo kwa simu, fungua 192.168.33.1, uipe jina na nywila ya Wi-Fi ya nyumbani. Kuna mpangilio wa hali ya kuanzia umeme unaporudi: chagua irudi kama ilivyokuwa. Bila hivyo, kila umeme ukikatika na kurudi, taa inaweza kubaki imezima hadi asubuhi. Rudi Home Assistant, kwenye sehemu ya vifaa utaona imeshaigundua. Ikubali.

Amri ya kwanza: jua likizama, washa taa ya baraza. Ya pili: saa tano usiku, izime. Kitovu hakijui saa zetu za Kiswahili, kwa hiyo andika 23:00. Ukiandika 5:00, taa itazimika saa kumi na moja alfajiri.

Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukikatika, ikiwaka inaisoma saa kutoka intaneti, na kama bando nalo limekwisha, inaanza na saa iliyopitwa. Ndiyo maana nasisitiza UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayobeba rauta na Pi pamoja. Soma nyuma yake: tundu la 5V litoe 3A, na la rauta lilingane na volti za rauta yako, 9 au 12. Na kabla hujalala, chukua nakala rudufu, uihifadhi kwenye kompyuta pamoja na ufunguo wake wa kuifungulia.

Tujaribu sasa, mbele yenu. Nazima rauta, natoa laini, naiwasha tena bila laini. Simu yangu inaniambia hakuna intaneti. Wi-Fi ipo. Nafungua Home Assistant, nagusa taa ya baraza.

Imewaka.