Hesabu Pengo, Usihesabu Vitabu

(Mhadhara kwa kikundi cha wasomaji wa riwaya, Dodoma)

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Mada hii, ya kusoma riwaya nyingi kwa mpigo, niliiomba mwenyewe kwa mwenyekiti, kwa hiyo nikiwachosha msimlaumu yeye.

Naomba mikono kwanza. Nani humu ana riwaya zaidi ya moja aliyoianza na hajaimaliza? Haya, karibu ukumbi mzima. Zaidi ya tatu? Bado mpo. Zaidi ya tano? Mama mmoja pale mbele anacheka na mkono hashushi. Basi leo tunazungumza kama watu wa nyumba moja.

Niseme mapema kwamba sikuja kuwasema. Mvivu hapatwi na jambo hili, maana mvivu hana hata kimoja alichokianza. Hili ni jambo la watu wenye njaa. Lakini njaa nayo ina hesabu zake, na mimi kazi yangu ni mipango, nafundisha vijana kupanga miradi. Nataka tuikague rafu ya vitabu vya nusu-nusu kama tunavyokagua mradi: umeanza lini, unategemewa kuisha lini, na kwa nini umekwama.

Hapa Dodoma tuna sababu zetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini wengi wetu tumeletwa na ule msukumo wa kuanzia 2016. Matokeo yake mtu ana chumba mtaa wa Kisasa au Area C, na familia iko Dar es Salaam. Riwaya moja imebaki Dar kando ya kitanda. Nyingine iko huku. Ya tatu iko kwenye simu, ya kusomea ndani ya gari la asubuhi kwenda kazini Mtumba. Hakuna siku mtu huyu alikaa akaamua kwamba atasoma riwaya tatu kwa mpigo. Maisha yamegawanyika na vitabu vikafuata. Hata reli ya kisasa, ambayo tunaishukuru tangu ilipotufikia 2024, imetufanyia ujanja wake. Basi lilikuwa linakupa karibu siku nzima ya kusoma, treni inakushusha Dar hata hujaingia vizuri kwenye sura. (Siombi wapunguze mwendo. Nasema tu.)

Jambo jingine ni kwamba riwaya zetu nyingi za Kiswahili si nene. Nagona ya Kezilahabi unaweza kuimaliza jioni moja, ingawa kuielewa ni shughuli nyingine. Mtu anayezungumzia riwaya za kurasa mia saba au elfu moja, mara nyingi anasoma Kiingereza, au anasoma Mrusi na Mfaransa waliopitishwa kwenye Kiingereza. Nalisema hili kwa sababu linagusa mwendo wetu wa kusoma, na mwendo ndio msingi wa hesabu ninayotaka kuwapa.

Mwaka 2019 mtafiti wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, alikusanya tafiti nyingi za kasi ya kusoma akazijumlisha. Mtu mzima anayesoma hadithi kimyakimya kwa Kiingereza, kwa wastani, huenda maneno kama 260 kwa dakika. Huyo ni mtu anayesoma lugha aliyokulia nayo. Sisi ambao Kiingereza kilitukuta darasani tuna haki ya kwenda polepole zaidi, lakini tuchukue hiyo hiyo 260, tujipendelee.

Vita na Amani ya Mrusi Tolstoy, kwa tafsiri ya Kiingereza, ina maneno zaidi ya laki tano na nusu. Tuseme 560,000. Gawanya kwa 260, unapata kama saa 36. Ukisoma nusu saa kila siku, bila kukosa, ni siku 72. Bila kukosa, nasema, na humu ndani wote tunajua maana ya wageni, msiba na kikao cha dharura.

Sasa chukua riwaya tatu za unene huo. Kwa jumla ni siku 216, hilo halibadiliki upange utakavyopanga. Ukizisoma moja baada ya nyingine, ya kwanza unaifunga siku ya 72, ya pili siku ya 144, ya tatu siku ya 216. Ukizisoma kwa zamu, leo hii, kesho ile, keshokutwa ya tatu, basi ya kwanza unaifunga siku ya 214, ya pili siku ya 215, ya tatu siku ya 216. Kazi ni ileile, jasho ni lilelile, lakini kwa miezi saba nzima hujafunga hata kimoja. Halafu ndani ya siku tatu unafunga vyote kama mwenye wazimu.

Hapo ndipo ninapomkumbuka fundi cherehani wa mwezi Desemba. Anapokea kitambaa cha kila mtu, anakata cha kila mtu, anashona mkono mmoja wa kila gauni, na ukimuuliza anakwambia kwa moyo mweupe, "Mama, yako iko kwenye mashine." Hadanganyi. Zote ziko kwenye mashine. Ila Krismasi haisubiri.

Wataalamu wa foleni na viwanda wana kanuni ya jambo hili. John Little, Mmarekani, aliithibitisha mwaka 1961, na inajulikana kwa jina lake. Idadi ya vitu vilivyo kazini ni sawa na kasi ya kuvimaliza mara muda ambao kila kimoja hukaa kazini, kwa wastani. Iwekeni kwenye rafu. Tuseme mtu hufunga riwaya nene nne kwa mwaka, ambayo ni kazi ya heshima kabisa, na wakati wote ana sita zilizo wazi. Sita gawanya kwa nne. Kila riwaya inakaa wazi mwaka mmoja na nusu. Mwaka na nusu! Mtoto aliyezaliwa siku uliyofungua ukurasa wa kwanza, siku unayofunga wa mwisho anakimbia uani.

Mtu atasema, kwani kuna ubaya gani, si nafurahia? Hilo ndilo swali zuri, na ndilo lililonifanya niombe mada hii. Mimi siamini kwamba kusoma riwaya nyingi kwa mpigo ni dhambi. Watu waliozisoma riwaya hizi kubwa kwa mara ya kwanza walikuwa wanafanya hivyohivyo.

Mfano wangu ninaoupenda ni Urusi, mwaka 1866. Kulikuwa na jarida likiitwa Russkiy Vestnik. Mwaka ule jarida hilo lilichapisha Uhalifu na Adhabu ya Dostoyevsky kipande kwa kipande, na mwaka huohuo likaendelea kutoa vipande vya kazi ya Tolstoy iliyokuja kuwa Vita na Amani, ambayo ilikuwa imeanza kutoka humo mwaka uliotangulia. Mrusi aliyelipia jarida moja tu aliletewa nyumbani Raskolnikov, yule muuaji wa Dostoyevsky, na shoka lake, pamoja na karamu za watawala wa Petersburg. Alizisoma zote mbili, bila shaka na mambo mengine, na hakuna aliyemwita mtu asiye na mpango.

Uingereza ilikuwa vivyo hivyo. Dickens alianza kutoa riwaya yake ya Pickwick mwaka 1836, kila mwezi kijitabu cha kurasa 32 kwa shilingi moja. Kabla hajaimaliza, mwanzoni mwa 1837, akaanza nyingine, Oliver Twist, kwenye jarida. Yaani mwandishi mwenyewe alikuwa anaandika mbili kwa mpigo! Na wasomaji wake walikaa mwezi mzima kati ya kipande na kipande, tena kwa raha zao.

Tofauti yao na sisi iko wapi? Kwa maoni yangu ni hapa: wao pengo walipangiwa. Mchapishaji ndiye aliyeshika geti. Usingeweza kukimbilia mbele hata ungelia, na mwandishi alijua kwamba mwezi mzima umepita, kwa hiyo alikusaidia. Angalieni wahusika wa Dickens, kila mmoja ana kitu cha kumtambulisha, ama msemo anaourudia, ama kikohozi, ama namna ya kukaa. Wapo wanaoona huo ni ufundi mdogo. Mimi naona ni ukarimu. Anamkumbusha msomaji ambaye tangu waonane amevuna, ameuza, amezika na ameoza binti.

Riwaya iliyoandikwa itoke mara moja, juzuu moja, haina ukarimu huo. Mwandishi anadhani uliyoyasoma jana unayo bado. Anakutajia kovu ukurasa wa 40 na anataka ulikumbuke ukurasa wa 610. Ukiiacha mwezi mzima, kovu limekwenda. Kwa hiyo swali la vitabu vingapi halina jibu moja. Inategemea vimejengwaje, na kila kimoja kinaachwa siku ngapi kabla hujakigusa tena. Hilo pengo ndilo la kuhesabu. Mwenye vitabu vinne ambavyo hakuna kinachopita wiki bila kuguswa yuko salama kuliko mwenye viwili, kimoja kikiwa kimelala Dar tangu Pasaka.

Pengo likirefuka tunadhani tunasahau. Tungesahau tu ingekuwa afadhali. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha majaribio yake ya kumbukumbu. Aliwapa Waingereza ngano ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, ngano ya vita na mizimu, akawataka waisimulie tena baada ya muda. Hawakuacha mashimo matupu. Waliyaziba kwa vitu vya kwao. Mtumbwi ukawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na yale yasiyoeleweka ya mizimu yakanyooshwa mpaka yakaleta maana Kiingereza. Na waliosimulia hawakujua kwamba wameibadili.

Sasa msomaji mwenye riwaya tano wazi ana nyenzo nyingi za kuzibia mashimo. Shangazi mkali wa riwaya hii anahamia ile. Nimesikia mabishano humu humu, majina sitaji, mtu akitetea kwa nguvu zote tendo la mhusika ambaye hakulitenda. Lilitendwa na mwingine, kitabu kingine, nchi nyingine.

Ndiyo maana nashauri kwamba ukisoma kwa zamu, usiweke pamoja vitabu vya ukoo mmoja. Familia mbili za Kirusi za karne ya kumi na tisa kwa wakati mmoja, hapana. Na tusisingizie majina. Wengi husema Warusi wanawachanganya kwa kuwa mtu mmoja ana majina matatu. Jamani, jirani yangu kazini ni Mhandisi, mtaani ni Baba Neema, kwao Mpwapwa ana jina la babu, na hajanichanganya hata siku moja. Kinachochanganya ni pengo.

Pembeni ya riwaya nene weka kitu cha mwili tofauti kabisa. Mashairi yanafaa mno, kwa sababu shairi huliachi katikati. Mathias Mnyampala ni mtu wa Ugogo huuhuu, na beti zake hazigombani na Tolstoy hata kidogo. Tamthilia nayo sawa. Tahadhari ni kitabu kingine cha kurasa 800.

La mwisho kabla ya maswali ni namna ya kuweka kitabu chini, maana kuna siku italazimu. Wengi tunaacha pale usingizi ulipotukuta, katikati ya mazungumzo, mtu kaulizwa swali na hajajibu. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Riwaya kubwa zina viungo, ziacheni kwenye kiungo. Vita na Amani ina sura 361, nyingi fupi, kwa hiyo kisingizio hakuna. Na kama kuna nafasi, andika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho mtupu mistari mitatu: nani yuko wapi, anataka nini, nani anamzuia. Kikiwa cha maktaba tumia kipande cha karatasi, tafadhali, msije mkaniletea kesi na wakutubi.

Mwenye Les Misérables ya Hugo nyumbani, kwa mfano, ina sehemu tano. Ukiona huwezi kuendelea, jikaze ufike mwisho wa sehemu ya kwanza, uweke hapo. Kwa sababu sehemu ya pili Hugo anaifungua kwenye uwanja wa vita wa Waterloo, anazunguka humo sura 19, farasi, matope, majenerali, na karibu watu wake wote kawaacha nyuma. Hapo hata ukirudi baada ya miezi miwili, wewe na yule aliyesoma bila kusimama mko sawa: hakuna kati yenu anayejua mhusika mkuu, Jean Valjean, yuko wapi.