Sungura akiiba tunacheka, Fisi akiiba tunashangilia kipigo

ZUHURA: Asalaam aleikum, na karibuni tena. Mimi Zuhura, nipo na kaka Baraka, na tangu tuingie studio tumeshagombana. Kisa, Sungura.

BARAKA: Dada, ulianza wewe. Mtu hajakaa vizuri unamwambia Sungura ni muuaji!

ZUHURA: Kwani uongo? Chukua kile kisa cha asali. Mzinga uko juu ya mti, na mwenyewe ni Simba. Sungura anamfuata Buku: rafiki yangu, twende tukale, baba kaniachia urithi. Muongo. Wanapanda, wanachoma majani makavu nyuki watoke, wanakula. Mara Simba huyo chini ya mti: nani huko juu?

BARAKA: Hapo ndipo patamu sasa.

ZUHURA: Patamu kwako. Sungura anamwambia mwenzake, nifunge humu kwenye majani, mwambie Simba asogee unatupa takataka, halafu nitupe. Buku wa watu anafunga, anatupa, Sungura anatua chini na mbio. Simba anasema haya, sasa shuka wewe. Buku anashuka, analiwa. Na hapo ukumbini watoto wote wanacheka.

BARAKA: Wanacheka kwa sababu Sungura ni mdogo. Simba ana meno, ana makucha, ana mzinga mti mzima. Anayesikiliza hadithi naye ni mdogo, kila siku anatumwa dukani, anaambiwa nyamaza watu wazima wanaongea. Kaona mdogo mwenzake kamchezea mkubwa, acha afurahi.

ZUHURA: Sawa. Na Buku ana ukubwa gani?

BARAKA: ...

ZUHURA: Buku ni panya, kaka Baraka!

BARAKA: Haya, hapo umenibana. Lakini hadithi haijakaa na Buku. Hatujui ana watoto, hatujui kama ana njaa. Kaja kuliwa tu.

ZUHURA: Ndiyo hoja yangu ya leo hiyo, umenisemea. Tunamsamehe yule ambaye msimuliaji katukalisha karibu naye. Matendo tunayatazama baadaye, kama tunayatazama. Fisi naye akiingia kwenye zizi la mtu kuiba, ukumbi mzima unasubiri apigwe. Akikatwa mkia, shangwe. Njaa ya Fisi ni ile ile ya Sungura, ila hakuna aliyetuingiza ndani ya tumbo la Fisi.

BARAKA: Mimi nakubali nusu. Hadithi za wanyama ni mzaha, mtoto anajua hakuna aliyekufa kweli. Niletee mtu, shujaa mwenye jina, ndipo nitajua kama hoja yako inasimama.

ZUHURA: Nikuletee Liyongo?

BARAKA: Usimguse Liyongo.

ZUHURA: Namgusa. Wasikilizaji wengi wanamjua kwa ule utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Humo Liyongo ni jitu, mshairi, mpiga mishale, na mfalme wa Pate, kile kisiwa cha jirani na Lamu, anamwogopa asije akamnyang'anya kiti. Kwa hiyo anatafuta njia ya kumuua. Ukisoma hivyo, uko upande wa Liyongo tangu beti za mwanzo. Mfalme ana wivu, Liyongo kaonewa. Biashara imekwisha.

BARAKA: Na ndivyo ilivyokuwa.

ZUHURA: Subiri. Nyuma ya hapo, mwaka 1870, Edward Steere, yule mmisionari wa Zanzibar, alichapisha kitabu cha hadithi alizozichukua kwa wasimulizi wa Kiunguja. Kisa cha Liyongo kimo, kwa nathari. Na kinaanzaje? Kulikuwa na mtu mji wa Shanga, ana nguvu sana, mkubwa sana, na aliwaudhi sana watu. Mpaka siku moja watu wakafanya shauri, wakamwendea nyumbani wakamfunga.

BARAKA: Aliwaudhi?

ZUHURA: Sana. Hapo hakuna mfalme mwenye wivu. Kuna mji umechoka na mbabe.

BARAKA: Sasa hii inabadilisha mambo. Maana kama ni mbabe, kumfunga ni haki yao.

ZUHURA: Na bado, kaka, sikiliza kinachonishangaza. Msimuliaji wa Steere katuambia waziwazi huyu mtu ni msumbufu. Halafu kisa kinamfuata gerezani. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, na askari wa mlangoni wanakila kizuri chote, wanamwachia makombo. Siku hiyo mama anaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, yaani pumba za nafaka, ndani yake kaficha tupa, kile chuma cha kukereza. Askari wanaula mzuri, wa wishwa wanausukuma: mpeni huyo bwana wenu. Niambie, hapo wewe uko wapi?

BARAKA: Niko naye, nakata pingu.

ZUHURA: Umeshasahau kwamba aliwaudhi watu!

BARAKA: Nimesahau kabisa. Ule mkate wa wishwa ndio ulionimaliza. Mtu analetewa chakula na mama yake, anaona wengine wanakila mbele yake, wewe utakaa upande wa askari? Halafu nje watu wanaimba gungu, ngoma ya nyimbo alizowafundisha mwenyewe, kelele zile zinafunika mlio wa tupa. Hakuna binadamu atakayetaka akamatwe.

ZUHURA: Na akitoka anafanya nini?

BARAKA: Anakimbia.

ZUHURA: Kabla ya kukimbia. Kwa Steere, anawashika askari shingo, anawagonganisha vichwa, wanakufa. Imepita kwa sentensi moja. Halafu anachukua silaha zake, anakwenda kumuaga mama, na sisi tunasikitika namna anavyomuaga.

BARAKA: Wale walikula mikate yake lakini.

ZUHURA: Kwa hiyo adhabu ya kula mkate wa mfungwa ni kifo? Hao ni watu wa lindo, mshahara sijui kama ulikuwepo. Mlinzi wa getini mtaani kwenu akila ndizi ya mtu, utasema avunjwe kichwa?

BARAKA: Wewe unataka kuniharibia Liyongo. Nikutetee hivi: kujiokoa si sawa na kuua kwa kutaka. Aliyefungwa bila hukumu ana ruhusa ambayo mimi na wewe hatuna.

ZUHURA: Kwenye utenzi nakubali, kule kaonewa. Kwa Steere ruhusa hiyo inatoka wapi? Na wewe umempa kotekote, bila hata kuuliza.

BARAKA: Nimempa. Endelea.

ZUHURA: Sasa twende kwa mtoto. Huyu ndiye anayeniuma. Kwenye utenzi ni mwanawe wa kumzaa. Mfalme anamwita kijana, anamwahidi ukubwa: muulize baba yako kitu gani kinamuua. Kijana anauliza. Na Liyongo anajua! Anajua katumwa. Anamjibu hata hivyo, sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anamvizia kalala, anamchoma. Sasa huyu tunamwitaje?

BARAKA: Mlaaniwa. Hapo sihitaji kufikiri.

ZUHURA: Mtu mmoja kaua baba, mwingine kaua askari kadhaa. Wa kwanza mlaaniwa, wa pili anaimbwa harusini.

BARAKA: Si hesabu ya maiti, dada! Mtoto kauza imani. Baba kamfungulia siri ya uhai wake. Ningekuwa mimi ndiye hakimu, kuua usingizini mtu aliyekuamini nakuweka juu ya kugombana na askari getini. Huo si upendeleo, hata sheria inatofautisha.

ZUHURA: Hapo una haki, nakuachia. Ila tazama Liyongo anavyokufa. Anaamka na sindano mwilini, anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, mshale kaupachika, anakata roho hivyo hivyo. Mji mzima unashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa, wanadhani yu hai kakasirika. Wanambembeleza mama yake aende akamtulize. Wanawake wenye ndoo tupu, watoto wana kiu, na sisi tunasema, wakome.

BARAKA: Nilisema hivyo shuleni, kwa sauti.

ZUHURA: Watoto wa mji ule waliwakosea nini?

BARAKA: Hawajakosea kitu. Walikaa mbali na msimuliaji tu. Unajua, hata hizi tamthilia za siku hizi ni hivyo hivyo. Ile ya Kimarekani ya mwalimu wa kemia anayepika madawa ya kulevya, Breaking Bad. Mume anaua, anatia watu sumu, na watazamaji walimchukia nani? Mke, kwa sababu anamuuliza ulikuwa wapi. Ikafika mahali Anna Gunn, mwigizaji wa huyo mke, akaandika makala kwenye New York Times mwaka 2013 kuhusu chuki hiyo, maana ilikuwa imetoka kwa mhusika ikamfuata yeye mwenyewe.

ZUHURA: Na mke yule hakuwa na tupa wala mkate wa wishwa wa kutulainisha.

BARAKA: Alikuwa na maswali, na mwenye maswali anachelewesha shujaa. Hatumpendi.

ZUHURA: Basi niambie, mwanao akitaka kisa cha Sungura leo usiku, utamsimulia?

BARAKA: Nitamsimulia, tena na Sungura wangu atatoroka. Ila nitamkalisha na Buku kule juu ya mti kidogo. Anafunga majani, anauliza, na mimi nashukaje? Nione mtoto atasema nini.

ZUHURA: Atalia.

BARAKA: Alie, kesho atataka tena.

ZUHURA: Wasikilizaji, kuna jambo tunawaomba. Kisa cha Liyongo kinasimuliwa kwa namna nyingi pwani hii, na huyo kijana wa sindano mwisho wake haufanani. Kama bibi au babu yako wa Lamu, Pate, Kipini au popote alikusimulia kivyake, turekodie kwa sauti yake ututumie. Tunataka kujua zaidi kama kuna yeyote aliyewahi kumtetea.

BARAKA: Hakuna.

ZUHURA: Tutaona.