Mchanga Uliovuka Tuta

MWAJUMA: Kaka Hamisi, tufani hazifiki Kigoma. Leo zinatuhusu nini?

HAMISI: Anayechimba tope la Ziwa Tanganyika na anayetafuta alama za tufani za kale pwani hutumia bomba lilelile, ila mchanga wanausoma kinyume. Pwani unatafuta ziwa dogo au wangwa nyuma ya tuta la mchanga. Miaka yote linatua tope jeusi, laini. Bahari ikiruka tuta, inamwaga mchanga juu ya tope, kisha tope linaufunika tena. Mtafiti Kam-biu Liu alifanya kazi hiyo Lake Shelby, kule Alabama, Marekani, akaichapisha 1993.

MWAJUMA: Tuanze na bomba, maana hapo ndipo watu wanaharibu.

HAMISI: La alumini, kipenyo sentimita 7 hivi, linazamishwa kwa mtetemo. Kabla ya kulivuta, pima kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye tope, ndani na nje. Tope la ndani likiwa chini zaidi kwa sentimita 40, limegandamizwa kiasi hicho. Usipoandika, kina cha kila tabaka ni uongo. Jaza maji hadi mdomoni, ziba kwa plagi ya mpira, ndipo uvute. Ukivuta wazi, tope linabaki shimoni.

MWAJUMA: Maabara?

HAMISI: Sampuli kila sentimita. Kausha kwa nyuzi 105, pima, choma kwa nyuzi 550 kwa muda wa saa nne, pima tena. Tope la mimea iliyooza linapoteza uzito mwingi, mchanga karibu haupungui.

MWAJUMA: Lakini mto Luiche ukifurika hapa, nao unashusha mchanga.

HAMISI: Ndiyo maana bomba moja halitoshi, dada. Mchanga wa bahari ni mnene karibu na tuta, unakonda kuelekea bara. Wa mto ni kinyume. Halafu weka chini ya hadubini utafute foraminifera, vijiumbe vya bahari vyenye magamba. Mto hauna hao.

MWAJUMA: Tsunami je, si nayo inatoka baharini? Pangani kuna tabaka la miaka 1000 hivi, lenye mifupa ya watu, na watafiti wanasema ni tsunami.

HAMISI: Hapo pagumu kwelikweli. Alama ni zilezile, na mimi simwamini anayeamua kwa kipande kimoja cha tope.

MWAJUMA: Na umri?

HAMISI: Pima kaboni-14, ile inayopungua kadiri miaka inavyopita, kwenye jani, acha kombe la baharini. Kombe linabeba kaboni kongwe ya bahari, linajizeesha miaka 400 hivi. Mzizi wa mkoko nao uuache, umeshuka kutoka juu, utakupa umri mdogo. Kwa karne ya karibuni kuna seziamu-137, mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, yenye kilele miaka ya 1963 hadi 1965. Mchanga wa tufani ya Lindi ya 1952 utafute chini kidogo ya kilele hicho. Ya Unguja ya 1872 ni ngumu zaidi: risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, hupungua nusu kila miaka 22, kwa hiyo huko imebaki kidogo mno.

MWAJUMA: Kaa je?

HAMISI: Wanachimba, wanachanganya matabaka. Ukiona matundu mengi, hamisha bomba.

MWAJUMA: Na pasipo na mchanga kabisa?

HAMISI: Usiandike kwamba tufani haikuwapo. Ikipiga maji yamekupwa, huenda wimbi lisivuke tuta. Ileile ikikuta bamvua, linavuka.