Sauti ya Chifu Bromden

Ndugu wasikilizaji, jioni hii nitaanza na chingamu. Katika filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest, aliyoiongoza Miloš Forman mwaka 1975, mgonjwa aitwaye McMurphy ameketi kwenye benchi katika korido ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Anatoa chingamu na kumpa jirani yake, Chifu Bromden, pande la mtu, mwenyeji wa asili wa Marekani, ambaye wodi nzima inaamini ni bubu na kiziwi. Bromden anapokea, kisha anasema asante. McMurphy anapigwa na butwaa. Anampa kipande cha pili, na Chifu, huku akitafuna, analitaja jina la chingamu ile. Mtazamaji anashtuka.

Msomaji wa riwaya ya Ken Kesey ya mwaka 1962 hashtuki hata kidogo. Sauti hiyo anayo tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu Bromden ndiye msimulizi. Ndiye anayetueleza habari za ukungu unaofurika wodini, za mtambo mkubwa unaosaga watu mpaka wafanane, za baba yake aliyekuwa chifu na mto wao uliojengewa bwawa. Yule bubu alikuwa akizungumza muda wote, na sisi peke yetu ndio tuliomsikia. Siri hiyo ya watu wawili ndiyo kitabu chenyewe, na Forman aliiacha nje. Filamu ilichukua tuzo zote tano kubwa za Oscar, na Jack Nicholson na Louise Fletcher walistahili zao. Lakini Kesey, aliyewahi kufanya kazi zamu za usiku katika hospitali ya namna hiyo huko California, aligombana na watayarishaji, akawashtaki, akakataa kuitazama. Wako waliomwona mkaidi. Mimi namwelewa: hadithi yake ilirudi imekatwa ulimi.

Jambo hili huniuma kila nikitazama filamu zilizotokana na waandishi waasi wa Marekani wa miaka ile. Kusafiri, kulewa na kupendana, watu walikuwa wakifanya zamani. Uasi wa waandishi hawa ulikaa katika namna ya kusema. Jack Kerouac alipiga taipu riwaya yake On the Road mwezi Aprili 1951 kwa wiki tatu hivi, kwenye karatasi alizoziunga zikawa msokoto wa takriban mita 36, bila aya, asije akasimama kubadilisha karatasi. Walter Salles alipotuletea filamu yake mwaka 2012, magari yalikuwapo, barabara zilikuwapo, vijana wazuri walikuwapo. Ile pumzi haikuwapo. Na mwaka 1960 studio ya MGM ilikwisha kufanya baya zaidi katika The Subterraneans: mwanamke mweusi ambaye ndiye moyo wa riwaya hiyo ya Kerouac aligeuzwa Mfaransa mweupe. Hapo sina hata hamu ya kukaa.

Iko moja inayonipa raha. Ni filamu ya nusu saa tu, Pull My Daisy, ya mwaka 1959. Robert Frank na Alfred Leslie waliipiga picha New York, na miongoni mwa waigizaji wako washairi Allen Ginsberg na Gregory Corso. Kerouac ndiye aliyeingiza sauti, peke yake, zote: ya mwenye nyumba, ya mkewe, ya askofu aliyekuja kutembelea, ya washairi wanaomuuliza askofu kama besiboli ni kitu kitakatifu. Nyinyi mliokulia kwenye vibanda umiza mnalijua hili. Mtafsiri mmoja, maiki moja, yeye ndiye jambazi, yeye ndiye mama anayelia, na ukitoka pale unaondoka na sauti yake masikioni. Kerouac anavuta neno, analiachia, anaingia jikoni na kuwataja mende. Mdomo wa mwigizaji unafunguka, na tunamsikia mwandishi.

Kijana wa mitambo, tafadhali zima taa. Tuitazame yote, maswali baadaye.